Kutia ukungu kwenye levo ya gemu: umbali kwanza, mwanga baadaye, kitelezi mwishoni

Kuwasha ukungu ni kazi ya kubofya mara moja. Kwenye Unity, ambayo ni injini ya kutengenezea gemu kama zilivyo Godot na Unreal, kuna kisanduku cha tiki ndani ya dirisha la Lighting, kichupo cha Environment. Kwenye Godot kimo ndani ya nodi ya WorldEnvironment. Kwenye Unreal unaburuta Exponential Height Fog na kuiangusha popote levoni. Papo hapo milima inapotea, kila kitu kinakuwa cha kijivu, na yeyote anayechungulia anasema inapendeza. Shida huja baadaye, moja moja: mstari mkali pale ardhi inapokutana na anga, moto wa kambi uliogeuka vibandiko vya mraba, walinzi wanaokupiga risasi kutoka mahali usipowaona, simu inayochemka mkononi. Nyingi kati ya hizo zina asili moja. Ukungu ulipakwa mwishoni kama rangi ya ukutani, ilhali ulitakiwa kupangwa mapema pamoja na umbali na mwanga.

Maelezo haya yanafuata mtiririko wa kazi kwenye levo moja: bonde lenye ziwa, kijiji kando ya maji, daraja la mbao, na mnara juu ya kilima. Urefu wake ni mita 600 toka mwisho mmoja hadi mwingine, na wakati ni alfajiri. Namba zinazotajwa ni za bonde hilo, lakini njia ya kuzipata inafaa popote.

Nguzo za kupimia

Kabla ya kugusa kitelezi chochote, jibu maswali matatu kwa mita. Mchezaji aone waziwazi hadi wapi? Atambue umbo la mtu hadi wapi? Asione kitu kuanzia wapi? Bonde lilijibiwa hivi: mapigano yote yako ndani ya mita 25, kwa hiyo hapo pawe safi. Umbo litambulike hadi mita 100. Kuanzia mita 200 kusiwe na kitu, isipokuwa mnara ambao ndio dira ya mchezaji.

Kisha simika nguzo. Tengeneza maboksi yenye kimo cha mtu, mita 1.8, na uyapange mbele ya mahali mchezaji anapoanzia: mita 10, 25, 50, 100 na 200. Kila sehemu weka mawili, moja karibu jeusi na moja karibu jeupe. Sababu ni kwamba ukungu hauvimezi vitu sawasawa. Ukungu wa alfajiri una mng'ao, kwa hiyo vitu vyeusi vinapauka na kubadilika sana, huku vyeupe vikipotea kimyakimya kwa sababu vinafanana nao. Nguo nyeupe ya adui inaweza kumficha mita 60 tu mbele, na mwenzake mwenye koti jeusi akaonekana hadi mita 130. Bila nguzo za rangi mbili hilo hugunduliwa na wachezaji, si na mtengenezaji. Nguzo ziwe kwenye tabaka lake ili zizimwe na kuwashwa wakati wowote, kwa maana utazihitaji hadi siku ya mwisho.

Sasa namba. Injini nyingi zina aina tatu za ukungu wa umbali. Wa mstari huanza mahali fulani na kuisha mahali fulani, ukiongezeka kwa kiwango kilekile njia nzima. Wa kipeo hufuata e (namba ya hisabati, 2.718 hivi) kwa kipeo cha hasi ya uzito mara umbali, uzito ukiwa ni ile namba ya unene wa ukungu unayoiweka wewe. Wa kipeo cha mraba ni huohuo, ila uzito mara umbali huzidishwa wenyewe kwa wenyewe kabla ya kuingia kwenye kipeo. Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini machoni ni kubwa mno.

Chukua lengo moja: mita 200 ibaki asilimia 1 tu ya rangi halisi ya kitu. Kwa ukungu wa kipeo, uzito ni 4.6 gawanya kwa umbali, yaani 0.023. Kwa kipeo cha mraba ni 2.15 gawanya kwa umbali, yaani 0.0107. Zote mbili zinafika mwisho uleule, lakini tazama njiani. Mita 25, ukungu wa kipeo umebakiza asilimia 56 ya rangi, wa mraba asilimia 93. Mita 50 ni 32 dhidi ya 75. Mita 100 ni 10 dhidi ya 32. Huo wa kwanza ni ukungu wa kweli zaidi kifizikia, lakini unaweka shela juu ya kila kitu, hata juu ya adui aliye hatua chache mbele, na mchezaji anahisi kama skrini yake ina vumbi. Wa mraba unaacha uwanja wa mapigano safi kisha unaporomoka haraka. Bonde lilipata wa mraba, na kwa gemu nyingi zenye mapigano ya karibu huo ndio wa kuanza nao. Wa kipeo unafaa levo za kutembea polepole, ambako kuzibwa macho ndiko kunakotafutwa. Wa mstari ni rahisi kuutawala, ila ukiuanzishia mita 20 na kuuishia 200, mita 100 bado kuna asilimia 56, halafu mwishoni vitu vinakatika kama vimegonga ukuta. Ni bora kwenye gemu zenye sura ya zamani kwa makusudi.

Kwa anayetaka kipimo cha dunia halisi: wataalamu wa hali ya hewa huita ukungu pale mtu anapoona chini ya kilomita 1. Wakichukua asilimia 2 kama kikomo cha jicho, uzito wake ni 3.9 gawanya kwa 1000, yaani 0.0039 kwa mita. Uzito wa 0.023 ni ukungu wa kuona mita 170. Huo tayari ni mzito sana, na dereva makini angeshaegesha.

Usihamishe namba kutoka injini moja hadi nyingine. Unity na Godot huhesabu kwa mita, Unreal kwa sentimita, na namba ya Fog Density ya Unreal ina kipimo chake yenyewe. 0.02 ya huko si 0.02 kwa mita. Vilevile, kama levo ilijengwa kwa vipimo vilivyokuzwa mara kumi, uzito lazima ugawanywe kwa kumi. Ndiyo maana nguzo ni muhimu kuliko namba yenyewe: unasogeza kitelezi hadi nguzo ya mita 100 ionekane unavyotaka, basi.

Mtego mwingine wa umbali hujificha kwenye sheda, yaani programu ndogo zinazokokotoa rangi ya kila pikseli. Baadhi ya sheda, hasa za kujiandikia, hupima kina cha kitu kutoka bapa la kamera (uso tambarare unaopita kwenye kamera) badala ya umbali halisi hadi kwenye kamera. Kamera yenye upana wa nyuzi 90 ikiangalia kitu kilicho ukingoni mwa skrini, kina chake ni asilimia 71 tu ya umbali wa kweli. Kitu cha mita 100 kinahesabiwa kama cha mita 71, na kwa uzito wa bonde kinaruka kutoka asilimia 32 hadi 56. Matokeo yake ni kwamba mchezaji akigeuza kichwa, vitu vinatokea ukingoni na kuzama vikifika katikati. Wajanja huligundua hilo na kuanza kuchungulia kwa pembe ya skrini. Dawa ni kutumia urefu wa vekta kutoka kamera hadi pikseli. Gharama yake haihisiki.

Kinachokatwa na kinachoachwa

Ukishajua kwamba mita 200 hakuna kinachoonekana, acha kukichora. Mwaka 1999 gemu ya Silent Hill iliifanya PlayStation ibebe mji mzima kwa kuficha kikomo cha kuchora nyuma ya ukungu, na faida hiyo bado ipo leo, hasa kwenye simu. Kikomo cha mbali cha kamera kiwe mbele kidogo ya mahali ukungu unapokamilika, mita 220 kwa bonde letu. Ukikiweka kabla, nyumba zitakuwa zikiota ghafla ndani ya kijivu.

Lakini mnara uko mita 400. Kwenye Unity kuna layerCullDistances ya kamera, inayokuruhusu kukata tabaka la nyumba na miti kwenye mita 220 huku kamera yenyewe ikiona hadi 600. Mnara ukapewa materiali (mpangilio wa sura ya uso wa kitu) isiyosikia ukungu na rangi ya kuchagua kwa mkono: ileile ya ukungu, ila nyeusi zaidi kwa asilimia 12 hivi. Ni udanganyifu, na ni udanganyifu mzuri. Mchezaji akiukaribia chini ya mita 200, changanya polepole hadi materiali ya kawaida, la sivyo atauona ukibadilika kama taa iliyowashwa.

Rangi, na ule mstari kwenye upeo

Ukungu wa kawaida wa Unity haugusi anga. Milima inapauka vizuri, halafu nyuma yake kuna anga ya buluu iliyokatwa kwa wembe. Tiba ni kuifanya sehemu ya chini ya anga iwe na rangi ileile ya ukungu, kisha ipande taratibu hadi rangi ya juu. Ukitumia Three.js, maktaba ya kuchora 3D kwenye wavuti, rangi ya scene.background na ya ukungu ziwe moja. Godot ina Sky Affect, ambayo kwa chaguo-msingi ni 1. Anga yako ikifunikwa yote na ukabaki na dari ya kijivu, ishushe. Unreal ina Fog Max Opacity, na wengi huipunguza ili anga ionekane. Tahadhari: ukifanya hivyo hata vitu vya mbali havitapotea kamwe, na hesabu yote ya mita 200 imevunjika.

Usiichague rangi ya ukungu kwa kidonozi cha rangi kutoka kwenye picha ya skrini. Rangi unayoiona imeshapita kwenye urekebishaji wa mwisho wa mwanga na utofauti. Ukiirudisha mwanzoni itapita tena, na itatoka tofauti. Chagua kwa jicho, ukiwa umesimama mbele ya nguzo, na punguza ukolezi wa rangi kuliko unavyodhani unahitaji. Rangi iliyokolea hugeuza ukungu kuwa moshi wa dukani.

Upande wa jua ukungu huwa na joto na mng'ao, upande wa pili ni baridi na hafifu. Unreal hulishughulikia kwa Directional Inscattering, Godot kwa Sun Scatter. Ukungu wa kawaida wa Unity una rangi moja tu, kwa hiyo chukua ya katikati au andika sheda yako. Usiku usitumie nyeusi tupu, kwani inasomeka kama taa zimezimika. Buluu ya giza yenye mng'ao kidogo kuliko vivuli ndiyo husomeka kama ukungu.

Mwanga ndio unaoupa ukungu ukweli

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, na ndipo inapolipa kuliko kwingine. Ukungu mzito hutawanya jua. Mwanga hauji tena kutoka upande mmoja, unakuja kutoka kila upande. Levo yenye ukungu mnene na vivuli vyeusi vyenye kingo kali chini ya kila mti haishawishi mtu, hata kama hajui kwa nini. Watu hurudi kwenye kitelezi cha uzito na kukisukuma huku na huko, wakati kosa liko kwenye jua.

Kwenye bonde, nguvu ya jua ilishushwa hadi karibu theluthi ya ilivyokuwa, mwanga wa mazingira ukapandishwa hadi uso wa nguzo ulio kivulini ukawa na weusi kidogo tu kuliko ule unaotazama jua, na kingo za vivuli zikalainishwa. Hapo uzito wa ukungu haukuguswa hata kidogo, na bado levo ilionekana kana kwamba umeongezwa. Kisha mbao za daraja na mawe ya njia yakapunguziwa ukavu ili yang'ae kidogo, kwa sababu mahali penye ukungu wa alfajiri kila kitu kina unyevu. Fanya hivyo kwa kiasi. Ukizidisha, kijiji kitaonekana kimepakwa mafuta.

Ukiwa na picha za mwakisiko zilizookwa kabla (zilizokokotolewa na kuhifadhiwa), angalia kama ziliokwa ukungu ukiwa umewashwa. Zikiwa hivyo, ukungu unahesabiwa mara mbili: mara ndani ya mwakisiko, mara ya pili juu ya kitu kinachoakisi. Maji ya ziwa yalitoka meupe kuliko anga yenyewe kwa sababu hiyo tu. Zima ukungu, oka upya, uwashe tena. Kwa mwakisiko unaochorwa papo kwa papo mambo ni kinyume: hakikisha kamera yake ina ukungu, la sivyo ziwa litaonyesha mlima ambao hewani hauonekani.

Moto wa kambi wenye miraba

Vitu vinavyopitisha mwanga vinahitaji kikao chake. Mfano wa moto ni mzuri kwa sababu unaonyesha kosa wazi kabisa. Chembe za moto huchorwa kwa kujumlisha: rangi ya tekscha (picha iliyobandikwa kwenye chembe) inaongezwa juu ya kilicho nyuma yake. Sehemu nyeusi ya tekscha ni sifuri, haiongezi kitu, ndiyo maana huoni kingo za kipande. Sasa sheda ya kawaida ya ukungu inakuja na kuvuta kila pikseli kuelekea kijivu. Ile nyeusi iliyokuwa sifuri inakuwa kijivu, na kijivu hicho kinajumlishwa. Ukiwa mita 10 huoni kitu. Ukiwa mita 80, moto mzima umezungukwa na miraba hafifu inayozungukazunguka, kila chembe na wake. Tiba ni kuifanya sheda ya kujumlisha ivutwe kuelekea nyeusi badala ya rangi ya ukungu. Kwenye sheda za Unity hufanywa kwa UNITY_APPLY_FOG_COLOR yenye rangi nyeusi. Jaribu kila chembe ya namna hiyo ukiwa mbali: cheche, miale ya risasi, vimulimuli.

Bapa kubwa la maji lina tatizo jingine. Unreal, kwa vitu vinavyopitisha mwanga, hukokotoa ukungu kwenye kona za pembetatu zinazounda kitu, si kwenye kila pikseli. Ziwa la pembetatu mbili tu litapata ukungu wa pembe zake nne, na katikati patakuwa pa ajabu. Washa Compute Fog Per Pixel kwenye materiali hiyo, au gawa bapa vipande vidogo.

Ukungu unaolala juu ya maji

Ukungu wa umbali peke yake hauna chini wala juu. Alfajiri juu ya ziwa inahitaji ukungu unaopungua kwa kimo. Injini hukupa namba ya kupungua. Ikiwa 0.1 kwa mita, uzito hupungua nusu kila mita 7. Ikiwa 0.35, nusu kila mita 2, yaani ukungu wa magotini. Mtego ni kimo cha kuanzia. Levo ikiwa imejengwa mita 300 juu ya sifuri ya injini, na ukungu umewekwa uanzie sifuri, kwa kupungua kwa 0.1 uzito unaokufikia ni e kwa kipeo cha hasi 30. Hakuna kitu. Mtu atapandisha uzito mara mia, halafu mara elfu, akidhani injini ina hitilafu. Sogeza kimo cha kuanzia hadi usawa wa maji kwanza.

Kwa mikono ya ukungu inayotambaa kati ya nyumba, mabapa yenye tekscha ya mawingu bado ni njia rahisi. Kwa kijiji kizima mabapa 15 yalitosha. Kila moja lina tabaka mbili za tekscha zinazosogea kwa kasi tofauti, ili jicho lisishike mzunguko. Mambo mawili ni ya lazima. Bapa lififie linapokaribia ukuta au ardhi, kwa kulinganisha kina chake na kina cha kilicho nyuma, la sivyo utaona mstari pale linapokatwa. Tena lififie kamera inapolikaribia, kati ya mita 5 na mita 2, ili mchezaji asipasue karatasi kwa pua. Usiyarundike: kila bapa linalofunika skrini nzima ni skrini nzima ya kuchora upya, na simu hulipia hilo kwa joto.

Ukungu wa ujazo, na bei yake

Miale inayochomoza kati ya mbao na taa zenye duara la mng'ao hutoka kwenye ukungu wa ujazo, unaojaza nafasi na kupokea mwanga. Njia inayotumika sana leo ilielezwa na Bart Wronski kwenye SIGGRAPH 2014, mkutano wa michoro ya kompyuta, kutokana na kazi ya gemu ya Assassin's Creed IV: Black Flag. Nafasi iliyo mbele ya kamera hugawanywa vijisanduku, 160 kwa 90 kwa 64, kila kimoja kinakokotolewa mwanga wake na uzito wake, kisha vinajumlishwa kutoka karibu kwenda mbali. Kwenye skrini ya 1920 kwa 1080, kijisanduku kimoja kinafunika pikseli 12 kwa 12. Kumbuka hilo, maana karibu kasoro zake zote zinatoka hapo.

Bei: nyaraka za Unreal zinataja milisekunde 1 kwenye PlayStation 4 kwa kiwango cha High, na milisekunde 3 kwenye kadi ya michoro ya GTX 970 kwa kiwango cha Epic. Gemu ya fremu 60 kwa sekunde ina milisekunde 16.7 za kila kitu, kwa hiyo 3 ni fungu zito. Kwenye Godot 4 ukungu wa ujazo unafanya kazi kwa Forward+ tu, mojawapo ya njia zake za kuchora. Ukilenga simu, usahau kabisa na urudi kwenye mabapa.

Kosa la kwanza la wengi ni kuurefusha ujazo hadi mwisho wa levo. Godot huanza na mita 64 kwa tabaka 64 za kina. Ukivuta hadi mita 500 kwa tabaka hizohizo, kila moja ni nene kama mita 8 kwa wastani, na miale inakuwa madonge. Acha ujazo uishie mita 64 na ukungu wa kawaida ubebe yaliyobaki, ukilinganisha rangi za pande mbili pale zinapokutana.

Kosa la pili ni kuziruhusu taa zote ziingie ndani ya ukungu. Kila taa ina kitelezi chake cha nguvu ya ujazo. Weka sifuri kwa zote, kisha fungua zile zinazoonekana. Kijijini zilikuwa taa tatu za darajani na jua, basi.

Kasoro ya tatu ni mkia. Ili kuficha uchache wa vijisanduku, injini huchanganya fremu ya sasa na zilizopita. Taa inayoning'inia na kuyumba inaacha utando wa mwanga nyuma yake, na tochi ya mkononi ndiyo mbaya zaidi. Taa inayoyumba kwenye bonde iliondolewa kabisa kwenye ujazo na kupewa duara la mng'ao la kuchora, linalojumlishwa na kufifia kwa kina. Hakuna aliyetambua tofauti.

Ukuta mwembamba kuliko kijisanduku huvujisha mwanga. Ndani ya nyumba kukijaa ukungu wa nje, weka FogVolume yenye uzito hasi kwenye Godot ili kuufuta humo. Kwa ukungu wa kawaida, badilisha uzito mchezaji anapovuka mlango, taratibu kwa sekunde 1 hadi 2.

Kuhusu namna mwanga unavyotawanyika, kitelezi cha Anisotropy hufuata kanuni ya Henyey na Greenstein ya 1941, kutoka hasi 1 hadi 1. Sifuri hutawanya kila upande sawa. Ukipanda hadi 0.7, kutazama jua kunapendeza sana, lakini ukigeuka kulipa kisogo ukungu unakuwa giza. Usipige picha ya upande mmoja tu ukaridhika.

Walinzi wanaoona kupita ukungu

Ukungu hauzuii akili ya adui. Mlinzi aliyewekewa kuona mita 180 ataendelea kukuona mita 180, na mchezaji ataita hilo wizi. Rudi kwenye hesabu: mita 110, rangi iliyobaki ni robo hivi, na hapo mtu mwenye koti jeusi bado anatambulika. Walinzi wakawekwa mita 90, kidogo chini ya uwezo wa mchezaji, kwa sababu kuonewa huuma kuliko kupendelewa. Ukiwa na hali ya hewa inayobadilika, kikomo cha walinzi kitokane na uzito wa ukungu moja kwa moja, kisiandikwe kwa mkono mahali pengine. Na gemu ikiwa ya ushindani mtandaoni, ukungu wa umbali usiwe kwenye orodha ya vitu mchezaji anavyoweza kuzima. Mpe uhuru wa kuzima ujazo na mabapa, lakini umbali uwe mmoja kwa wote.

Inapotoka kwenye kihariri

Unity ina mtego unaowakuta waliomaliza kazi. Ukungu ukiwashwa kwa skripti wakati gemu inaendelea, na hakuna levo hata moja iliyohifadhiwa ukiwa umewashwa, wakati wa kutengeneza kifurushi injini huona sheda za ukungu hazitumiki na kuzitupa. Kwenye kihariri unauona, kwenye simu haupo, na hakuna ujumbe wa kosa. Nenda Project Settings, Graphics, sehemu ya Shader Stripping, geuza Fog Modes kuwa Custom na utie tiki aina unayotumia.

Kisha angalia michirizi. Ukungu hutengeneza mipito mirefu ya rangi zinazokaribiana. Kutoka thamani 150 hadi 170 kwenye nusu ya skrini yenye mistari 540, kuna hatua 20 tu, kila moja mistari 27, na jicho linaziona kama ngazi. Washa Dithering kwenye kamera ya URP (mfumo wa kuchora wa Unity), au Use Debanding kwenye Godot. Zinaongeza chenga ndogo zinazovunja ngazi hizo, na gharama ni ndogo mno.

Mwisho, jaribu kwenye skrini mbovu. Simu yenye mwangaza nusu, chini ya jua la mchana, inakula tofauti ndogo za kijivu zote. Washa nguzo, simama mwanzoni mwa levo, na uangalie ile ya mita 50: kama jeusi na jeupe vyote havitambuliki hapo, punguza uzito kwa asilimia 10 kwa toleo la simu kabla ya kugusa rangi.